Shangazi, nianze na lipi?

Binti wa kaka yangu alikuja kwangu Jumapili moja ya Februari akiwa na daftari kwenye mkoba. Akaniamkia, tukala, akaosha vyombo, kisha akafuta meza na kulifungua. Ana milioni 14. Nyingine amezibana kwenye mshahara kwa miaka mitano, nyingine ni mgao wa kikoba cha kazini kwao. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari sita: kiwanja cha kulaza Kigamboni mpaka bei ipande, pagale la kumalizia na kuuza, vyumba vya kupangisha, fremu ya duka, apatimenti ya kupangisha kwa siku, udalali wa kutafutia mtaji.

"Shangazi, nianze na lipi? Au nizigawe hizi hela, nijaribu hata matatu kwa pamoja, nione lipi linalipa ndiyo nilishike?"

Nilimwomba anipe wiki mbili. Sikumjibu siku ile kwa sababu swali lake nilishalijibu mwenyewe zamani, kwa hela yangu, na jibu langu lilikula miaka sita. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia aliporudi, pamoja na mengine yaliyonijia usiku akiwa ameshaondoka.

Nilianza 2014. Nilikuwa mhasibu kwenye ofisi ya uwakala wa forodha mjini, sina mtoto bado, na kila mwezi kilibaki kitu. Mwaka ule ukipanda pantoni pale Magogoni hukosi mtu wa kukueleza habari za daraja. Nguzo zilikuwa zimeshasimama upande wa Kurasini, na madalali wote walikuwa na neno moja: likifunguliwa, viwanja vya Kigamboni hutavigusa. Nikanunua kiwanja cha mita 20 kwa 20 Mwasonga, huko huko Kigamboni, kwa milioni 3 na nusu. Karatasi yangu ilikuwa ya mauziano, ina mashahidi wanne na muhuri wa serikali ya mtaa, na mwenyekiti nikamwachia asilimia 10 kama nilivyoambiwa ndiyo utaratibu. Baadaye sana nilijifunza kwamba hakuna sheria inayomtaka mnunuzi alipe asilimia ile.

Daraja lilifunguliwa kweli, Aprili 2016, na ni kazi nzuri, kila nikipita juu yake moyo unafurahi. Lakini Mwasonga si darajani. Kutoka kwangu Mbagala ilikuwa safari ya kumaliza nusu siku, hivyo nilikuwa naenda mara moja kwa mwaka. Safari ya tatu nilikuta mihogo. Safari ya nne nilikuta msingi. Ndugu wa yule aliyeniuzia alisema shamba lilikuwa la urithi ambao haukuwahi kugawanywa, na yeye amemuuzia mtu wake. Nilihangaika na shauri lile karibu miaka miwili, mwisho nikakubali kurudishiwa milioni 2 mbele ya wazee, nikaondoka.

Kabla hilo halijaisha nilikuwa tayari nimeingia kwenye la pili. Mwenzangu wa ofisini alipata pagale Goba, limefika lenta, mwenyewe amekwama. Tukachanga tukalinunua kwa milioni 34, kila mtu 17, zangu nyingine mkopo wa SACCOS. Tulidhani kazi ngumu imeshafanyika. Yeyote aliyejenga hapa mjini anajua mambo hayako hivyo: kuta ni sehemu nyepesi. Kupaua, wayaringi, plasta, dari, madirisha ya aluminiamu, vigae, mfumo wa maji taka, huko ndiko hela inakokwenda, na inakwenda kimya kimya. Zilitoka milioni 29. Katikati tulisimama miezi miwili kwa sababu mke wa muuzaji aliibuka kutoka Morogoro akisema hakuulizwa. Alikuwa na haki. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na sisi wawili, wenye diploma zetu, hatukuwa tumeuliza kama muuzaji ana mke.

Tulipokuja kupaka rangi, mji ulikuwa umebadilika. Serikali ilikuwa inahamia Dodoma, vyuma vimekaza, wanunuzi wanakuja, wanasifia jiko, wanaondoka. Tuliuza 2018 kwa milioni 70. Dalali akachukua asilimia 5, tukalipa kodi ya ongezeko la mtaji, zikabaki kama milioni 3 za kugawana watu wawili kwa kazi ya miezi 20. Riba ya SACCOS peke yake ilikuwa imenitoa zaidi ya hiyo.

La tatu na la nne nitayapitia haraka. Nilichukua fremu mbili karibu na Rangi Tatu, nikatoa kilemba, hela ya kuachiwa nafasi, kwa aliyekuwa anahama, nia yangu niziweke sawa na kupangisha wengine kwa bei ya juu kidogo. Njia ya mabasi ya mwendokasi ilipoanza kujengwa Barabara ya Kilwa, mbele ya fremu zangu kukawa vumbi na mashimo, wateja hawana pa kuvukia, wapangaji wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa 2019 nikapanga apatimenti ya vyumba viwili Mikocheni, nikalipa miezi sita, nikanunua vitanda na mashuka meupe, nikaiweka Airbnb. Hiyo ililipa, nisiseme uongo. Desemba na Januari nilipata kuliko mshahara. Machi 2020 corona ikaingia, na ndani ya wiki moja wageni wote walifuta. Kodi ya mwenye nyumba haikufutwa.

Mei mwaka huo nilikaa chini nikapiga hesabu kama ninavyozipiga za watu wengine kila siku. Nilianza na milioni 22 zangu mwenyewe, ukiacha mikopo. Nilibaki na 19. Miaka sita, biashara nne, na sikuwa na hata mlango mmoja ambao mtu analala ndani yake na kunilipa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa mvivu wala mjinga. Kila jambo nilijifunza. Tatizo ni kwamba nilichojifunza Mwasonga hakikunisaidia Goba, na cha Goba hakikunisaidia Rangi Tatu. Kwenye kiwanja cha kulaza unatakiwa ujue ukoo wa muuzaji, mipaka, na nani atakulindia. Kwenye pagale unatakiwa ujue mafundi na bei ya kila kitu hadi misumari. Fremu inataka ujue miguu ya watu inapita wapi saa 12 jioni. Nyumba ya wageni wa siku inataka dada wa usafi anayeaminika, jenereta, na mtu wa kupokea simu usiku wa manane. Kila mara nilipohama nilirudi darasa la kwanza, na ada ya darasa la kwanza ndiyo kubwa kuliko zote.

Kipindi kile nilikuwa naenda sana Tandika kwa mama mkubwa. Ana nyumba ya Kiswahili, aliyojenga na marehemu mume wake miaka ya themanini: korido katikati, vyumba sita, uani choo na bafu na sehemu ya kupikia. Yeye anakaa kimoja, vitano anapangisha. Hajawahi kuwa na kiwanja kingine wala kutaka. Kwa miaka mingi nilimwona kama mtu aliyekaa juu ya mali bila kujua la kuifanyia. Siku moja nikiwa nimekaa naye barazani, katikati ya ile corona, nikamuuliza vyumba vingapi viko wazi.

"Kipi kiwe wazi, mwanangu?"

Vyote vitano vilikuwa na watu. Nikamuuliza wanalipaje wakati huu. Ndipo akaanza kunieleza, taratibu, huku anachambua mchicha, na mimi nikasikiliza kwa mara ya kwanza.

Chumba cha mbele anakaa mama wa genge. Analipa zaidi ya wenzake kwa sababu dirisha lake linatazama barabara na anauzia pale pale. Huyo halipi kwa mwezi, analipa kila Jumatatu, maana hela yake inaingia kila siku, na ukimwacha mpaka mwisho wa mwezi itakuwa imeshakwenda Ilala kuchukua nyanya. Chumba cha pili ni kijana wa bodaboda, naye ni wa wiki. Wa tatu ni mwalimu, huyo ni miezi mitatu mitatu, na shule zilipofungwa mama mkubwa alimwambia alipe nusu, nyingine atamalizia. Alimalizia. LUKU ni moja kwa nyumba nzima, na hapo ndipo nyumba nyingi za kupanga zinapochomeka kwa ugomvi. Yeye aliweka mita ndogo mlangoni kwa kila mwenye friji, wasio na friji wanachanga sawa, na karatasi ya michango imebandikwa ukutani kwenye korido kila mtu aione. Choo anaita gari likinyonye kabla ya masika, hangoji kijae, kwa sababu mvua ikishaanza gari la maji taka linapandisha bei na uchochoro wenyewe haupitiki. Dalali hajakanyaga kwake siku nyingi. Mpangaji akitaka kuhama, yeye mwenyewe ndiye anayeleta wa kumrithi, na mama mkubwa anauliza mambo mawili tu: unatoka nyumba ya nani, na kwa nini umetoka. Kisha anamtuma mtu kwa mwenye nyumba huyo kuulizia.

Alipomaliza mchicha akaniangalia akasema, "Wewe umezunguka mji mzima. Nitajie mpangaji wako mmoja, na jina la mtoto wake."

Sikuwa naye.

Nimelifikiria neno lile miaka hii yote, na ndilo lililonifikisha kwenye ninachoamini sasa. Watu wanauliza ubobee au ujaribu mengi, kana kwamba kinachobobewa ni mbinu: kupangisha, kumalizia na kuuza, kulaza ardhi. Kwa hapa Dar es Salaam nadhani tunakosea kitu cha kubobea. Kwanza unabobea mtaa. Mbinu inafuata.

Sababu ni hii. Mtu wa Marekani akitaka kununua nyumba anafungua simu anaona nyumba za mtaa ule ziliuzwa shilingi ngapi mwaka jana na mwaka juzi. Anaweza kukaa mji mmoja akasoma mji mwingine kwenye kioo. Ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wa namna hiyo, kwa watu wa namna hiyo. Sisi bei ya kiwanja cha jirani iko kichwani kwa mjumbe, kwa dalali anayekaa chini ya mwembe, na kwa mama ambaye shemeji yake aliuza. Sehemu kubwa ya jiji ilijengwa kabla ya kupimwa, urasimishaji umekuja baadaye, na ipo mitaa ambayo ndani yake kuna mwenye hati, mwenye leseni ya makazi, na mwenye karatasi ya mauziano tu, wamepakana. Hata huyo mwenye hati hamiliki udongo: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na sisi tuna haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Ukifanya upekuzi kwa msajili wa hati utajua jina la mmiliki na kama kuna mkopo wa benki juu yake, na upekuzi usiuache kamwe. Ila msajili hatakwambia kwamba uchochoro ule Aprili unakuwa mto. Wala hatakwambia kwamba kisima cha jirani kina maji ya chumvi, au kwamba watoto wa marehemu hawaongei. Hayo unayo mtaa, na mtaa hauyatoi kwa mtu aliyekuja Jumamosi moja na gari la kukodi.

Maarifa hayo, tofauti na ya mbinu, hayapotei ukibadili kazi. Ukishaujua mtaa, unaujua kwa vyumba, unaujua kwa fremu, unaujua kwa pagale.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Mwishoni mwa 2020, mwaka ule saruji ilipopanda ghafla, sikununua chochote. Nilianza kushuka daladala vituo viwili kabla na kutembea. Nilichagua Chamazi kwa sababu ndogo tu: nilikuwa naipita, mdogo wangu anakaa huko, na shuka langu la kwanza la vitenge nilimshonesha fundi cherehani wa huko, kwa hiyo kulikuwa na mlango ambao ningekaribishwa maji. Miezi saba nilitembea. Nilijua nani anapangisha kwa kiasi gani, vyumba vipi vinakaa tupu na kwa nini. Vilivyokaa tupu havikuwa vya bei kubwa. Vilikuwa vile vya choo cha nje. Wapangaji wa eneo lile ni vijana walioajiriwa Kilwa Road na Kurasini, wamechoka kuchangia bafu, na wako tayari kuongeza elfu 40 ili wafunge mlango mmoja na kila kitu kiwe ndani.

Nikanunua kiwanja kilichopimwa, milioni 9, nikajenga chumba kimoja chenye choo na jiko dogo ndani, na LUKU yake. Kimoja tu. Nikakipangisha elfu 100. Kodi yake ya miezi sita, pamoja na mshahara, ikanunua tofali za cha pili. Cha nne kilikamilika 2023, jumla zilizotoka, kiwanja ndani, ni milioni 33. Ukizidisha utaona ni miaka kama saba hela kurudi, ukiacha matengenezo na kodi ya serikali. Haisisimui. Kwenye simu ya binti yetu kuna watu wanaoahidi mara mbili ndani ya miezi minane. Mimi naandika ya kwangu.

2024 nikaongeza fremu mbili mbele. Nilikuwa nimeapa sitashika tena fremu, lakini safari hii sikuwa nakisia. Wapangaji wangu wanne wote, kwa nyakati tofauti, walikuwa wameniomba niwatumie kijana akawaletee gesi kutoka barabara kubwa, mwendo wa dakika 15. Fremu ya kwanza akaingia wakala wa miamala anayeuza na gesi, kabla sijapaka rangi. Hiyo ni mbinu ya pili, kweli, na huenda kesho nikashika ya tatu, kuna pagale nyuma ya msikiti ninalolitazama. Mtaa ni ule ule.

Sasa yapo mambo yanayonipinga, na binti yetu aliyaleta mwenyewe, jambo lililonifurahisha. Akasema: shangazi, na wale wa Kimara? Alikuwa sekondari mwaka 2017 na rafiki yake alikuwa anakaa kule. Nyumba kutoka Kimara kwenda Kibamba zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na kati ya waliovunjiwa walikuwemo watu waliobobea mtaa wao kuliko mimi nitakavyowahi. Waliishi pale, walizalia pale. Bonde la Msimbazi vivyo hivyo: mafuriko ya Desemba 2011, watu wakapelekwa Mabwepande, kisha bomoabomoa ya Desemba 2015. Na Kigamboni, mwaka 2008 ulipotangazwa mpango wa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao, wakakaa miaka hawajengi, hawauzi, hawajui.

Sina jibu la kufuta maumivu hayo. Mtu aliyeweka kila kitu mahali pamoja, akija mwenye tingatinga, amekwisha. Lakini nilimwonyesha kitu kimoja. Kati ya hatari hizo tatu, mbili zilikuwa zimeandikwa ardhini kabla ya nyumba: barabara kuu ina hifadhi, na bonde ni bonde. Mtaa mzima unaweza kukubaliana kusahau jambo kwa sababu kila mtu ameshajenga. Kwa hiyo kuujua mtaa hakutoshi kama hujaenda pia ofisi ya mipango miji ya manispaa ukaona ramani, ukauliza hifadhi ya barabara inaishia wapi, bomba linapita wapi, nguzo kubwa za umeme zinadai upana gani. Hilo la Kigamboni ni la aina nyingine. Tangazo likitoka, limetoka. Kwa hilo kinga ninayoijua ni kutokuwa na deni. Aliyekuwa na kiwanja Kigamboni bila mkopo alisubiri kwa uchungu. Mwenye mkopo alipoteza na vingine visivyokuwa Kigamboni.

Ukishapata mtaa wa kwanza ukasimama wenyewe, ndipo unatafuta wa pili, mbali na huo, kwa hatari hiyo hiyo ya tingatinga na mafuriko. Wa pili utakuchukua muda kama wa kwanza. Mimi bado sijafika huko.

Kuhusu mistari yake mingine sikuwa na mengi. Apatimenti ya siku nilimwambia si mali, ni kazi, na ni nzuri kwa mtu anayeweza kuacha kazi nyingine. Kulaza kiwanja ni kwa mwenye mtu wa kukilinda kule kule. Pagale asiliguse mpaka awe amejenga chochote mwanzo mpaka mwisho, hata banda la kuku lenye umeme.

Udalali ndio uliotupa mjadala mrefu. Mama yake hataki kusikia, anaona ni kazi ya watu wa vijiweni. Mimi naona tofauti. Nilimwambia atafute dalali mmoja, mtu mzima, mwenye jina zuri mtaani, amwombe Jumamosi awe anamfuata tu. Asidai mgao. Akae pembeni asikie mteja anauliza nini, anakataa nini, mlango gani unafungwa kwa hasira. Mwaka mmoja wa Jumamosi utamwonyesha vyumba ambavyo mimi sikuviona kwa miaka sita. Hapo ndipo pa kujaribu mengi: amfuate wa vyumba, kisha wa fremu, kisha wa viwanja, aonje yote bila kutoa shilingi. Nauli yake na soli ya viatu, basi. Kujaribu si kosa. Nilichokosea mimi ni kujaribu kwa hati ya mauziano.

Na zile milioni 14? Zitanunua kiwanja na kubaki na msingi, au hazitanunua kitu mwaka huu. Nilimshauri aziweke mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambako anaweza kuzitoa ndani ya siku chache, na aache kuona aibu ya hela iliyokaa. Hilo lilimkera kuliko yote. Wenzake kazini wanaonyeshana picha za bikoni, zile nguzo za mipaka, kwenye simu, kila mmoja na kiwanja chake Kibaha au Bagamoyo ambacho hajakiona tangu alipokilipia. Yeye angekuwa hana picha. Ninaijua aibu hiyo, ndiyo iliyonipeleka Mwasonga. Sikuwa na namna ya kumtolea isipokuwa kumwambia kwamba nilikuwa nayo.

Aprili tulikwenda wote Chamazi. Nilimchagulia mwezi huo makusudi, na siku ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Dalali alitupigia saa mbili asubuhi kusema, "Dada'angu, leo hakufai, tusogeze mpaka jua litoke." Nikamwambia ndiyo siku tunayoitaka. Binti alivaa mabuti ya mvua ya kaka yake, yamemzidi. Tulionyeshwa viwanja viwili. Cha kwanza kizuri, tambarare, kina mnazi, bei inaongeleka, na dalali akasema maji hayajawahi kukaa pale.

Mimi nilinyamaza. Nilitaka nione atafanya nini.

Akatazama kulia na kushoto, akamwona mama anakaanga vitumbua kibarazani nyumba ya pili. Akaenda, akamwamkia, akanunua vya elfu moja, akasimama anakula. Wakaongea, sikusikia nini. Kisha yule mama akainuka, mwiko mkononi, akamshika mkono mpaka kwenye ukuta wa nyumba yake, akamwonyesha mstari wa tope uliokaukia kwenye plasta, juu kidogo ya goti.

Alirudi na mfuko wa vitumbua, akanipa kimoja.

"Shangazi, twende tukaone cha pili."